Beji ya Tango

Niliiona kati ya vijiko vikuukuu, kwenye gulio la Jumapili hapa Pittsburgh. Beji ndogo ya kijani yenye umbo la tango, kama zile tulizogawiwa utotoni tulipopelekwa kutazama kiwanda cha achari.

Niliigeuza. Mgongoni ilikuwa na pini ya nepi iliyofungwa kwa uzi mwekundu, na ncha ya tango ilikuwa na alama za meno. Uzi ule niliufunga mimi, nikiwa na miaka tisa. Meno ni ya kaka yangu Delbert, aliyekuwa akiitafuna na kuapa kwamba bado ina ladha ya siki.

Tuligombania nyumba ya mama, na kwa miaka kumi na minne hatujasemeshana. Sasa vitu vya Delbert vinauzwa. Amekufa, nikawaza, na hakuna aliyeniambia.

"Hii kiasi gani, binti?" nilimuuliza muuzaji.

"Hiyo haiuzwi, bibi. Irudishe."

"Haiuzwi, na umeipanga mezani?"

"Amri ya mzee mwenye meza. Kila Jumapili lazima ikae hapo mbele. Eti mwenyewe akipita, ataigeuza kwanza atazame mgongo."

Akautazama mkono wangu. Beji ilikuwa bado imelala kifudifudi kiganjani.

"Mzee Delbert!" aliita kuelekea gari lililoegeshwa nyuma yake. "Toka huko, acha kujifanya umelala!"

Mlango ukafunguka. Kwanza ilitoka fimbo.