Sadaka ya Kisima

Mzee alikuwa ameinama juu ya kisima cha msikiti, ndoo i mkononi, binti yake alipomzuia.

“Usiteke, Baba. Majibu yametoka.”

Binti huyo, mpimaji wa maabara mwenye mimba ya miezi mitano, akamsomea: maji yalikuwa na dawa ya wadudu iliyopenya ardhini kutoka mashambani, nayo huweza kudhuru vinasaba, ule urithi wa mwili ambao mtoto huupokea kwa wazazi wake. Kuchemsha hakusaidii.

Mzee akapapasa ukingo, pale kamba ilipochimba mfereji wa upana wa kidole. Marehemu baba yake ndiye aliyekiweka wakfu kisima hicho.

“Nikikifunga, nitamkatia baba yangu thawabu ya kila anayeteka hapa.”

“Na mjukuu wako je? Kwa sasa mimi ndiye ninayemnywea.”

Mzee akacheka bila kupenda. “Ulimi wa bibi yako huo!”

Akaweka ndoo chini. Kisha akalisukuma bamba la zege lililokuwa kando hadi likaziba mdomo wa kisima.

“Tutakinga maji ya mvua kutoka paa la msikiti. Lete rangi, uandike hapa: Maji haya yasinywewe. Na chini yake: Sadaka ya, kisha jina la babu yako.”

“Sadaka gani, Baba, na kisima kimefungwa?”

“Hiyo hiyo ya kukifunga, mwanangu. Andika.”