Sauti ya Saa Moja

Kila asubuhi saa moja, sheria iliwataka wazazi walioachana wavae shingoni kifungo cha kugeuza sauti. Kwa robo saa, mzazi aliye na mtoto alizungumza kwa sauti ya yule asiyekuwepo, ili mtoto asimsahau.

Mwanaidi alikivaa, akammiminia binti yake uji.

"Shikamoo, baba," alisema Salha, mwenye miaka saba, akilitazama koo la mama yake badala ya uso.

"Marahaba. Pengo lako limeota jino, au bado wewe ni bibi kizee?" Ilikuwa sauti nzito ya mtalaka wake.

Siku zote Salha hucheka. Leo aliweka kikombe chini.

"Baba, kesho hakimu ataniuliza nataka kuishi kwa nani. Nimjibu nini?"

Mwanaidi aligeuka kuutazama mlango, kana kwamba mwenye sauti angeingia. Kisha sauti ile ikasema taratibu, "Mwambie kwa mama. Mimi nina kazi nyingi."

"Lakini wiki iliyopita, nilipokuwa kwako, mama aliniambia niishi na wewe. Alisema amechoka na mimi."

Wiki hiyo kifungo kilikuwa shingoni mwa baba yake.

"Kumbe nyote hamnitaki," alisema Salha.

Mwanaidi alikivua, ingawa muda haukuwa umeisha. Sauti yake mwenyewe ilimtoka nyembamba, kama ya mgeni.

"Aliyekujibu sasa hivi ni mimi, mwanangu. Aliyesema nimechoka ni baba yako. Kila mmoja wetu anataka uwe wake peke yake, ndiyo maana tumekudanganya."