Mwizi Anayeosha Glasi

"Hii pia hapana," Bi Verlene alisema, akaisukuma pakiti ya risasi irudi kwa Doyle.

Doyle, mwenye duka la bunduki kwenye barabara ya kwenda Tulsa, alijikuna ndevu. Hakuwa amepata kuona mtu anayechagua risasi kama anayechagua tikiti maji: anapima mkononi, anazungusha, anachungulia dirishani, anaanza upya.

"Bunduki ya mumeo, Merle, si ndiyo ile fupi?"

"Ndiyo hiyo. Analala nayo. Na amesema akimwona tena yule mwanamke jikoni, yule anayemwita mwizi, hamsubiri."

"Basi nisikilize. Mtutu mfupi unaimeza kasi ya risasi. Ile uliyoikataa mwanzo ni ya mitutu mirefu. Hii nzito, ya polepole, ndiyo saizi yake. Nguruwe mwitu analala chini hata hajaaga."

"Inapita ukuta?"

"Ukuta wa mbao? Inapita, inakwenda kumsalimia jirani."

"Hapana."

"Haya, hii. Ikigonga mwili inachanua, inabaki humo humo."

Bi Verlene akaiachia kama aliyeshika kaa la moto. Alitazama saa, akachezesha funguo za gari. Alikuwa amemwacha Merle kasinzia kitini; hasinzii sana.

Doyle alimsogezea kahawa. "Kwani huyo mwizi wenu anaiba nini?"

"Anakunywa maziwa. Halafu anaosha glasi."

Doyle alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Bi Verlene, huyo msimpige risasi. Nipeni mimi nimuoe."

Bi Verlene hakucheka. Alikunywa kahawa harakaharaka, akaenda kwenye sinki la pembeni, akaosha kikombe, akakifuta. Aliporudi alionyesha chupa ya kioo iliyojaa risasi, kando ya mashine ya pesa.

"Na hizo?"

"Za kufundishia watu kujaza bunduki. Hazina baruti. Hizo haziui hata inzi."

"Uzito?"

"Karibu sawa na za kweli. Ila zina tundu dogo ubavuni."

"Macho ya Merle yamekwisha. Kila jioni anazitoa risasi zake, anazipima mkononi, anazirudisha." Akafungua mkoba. "Nipe za kujaza bunduki nzima."

Doyle alifunga mfuko taratibu. Utani ulikuwa umemwishia.

"Sasa huyo mwanamke akija leo, itakuwaje? Angalau mwambie Merle amuulize kwanza yeye ni nani."

"Jana alimuuliza," Bi Verlene alisema, mkono tayari kwenye kitasa cha mlango. "Nikamwambia ni mimi, Verlene. Akaninyooshea mtutu, akasema Verlene ni mkewe, kalala chumbani, na nikimsogelea ataniua."