Bendera Hushuka Saa Kumi na Mbili

Fundi umeme alisimama tena, akachungulia dirishani, akaketi. Abiria wa pembeni aliguna na kuvuta miguu yake, maana ilikwisha kukanyagwa vya kutosha.

"Tulia, baba. Basi haliondoki kwa kutazamwa," shangazi yake alimwambia kutoka nje, ameshika ukingo wa dirisha.

"Ulimwambia mzee kuwa naondoka leo?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Shangazi alitazama pembeni. "Alisema bendera hushuka saa kumi na mbili."

Fundi akacheka, lakini roho ilimuuma.

Baba yake alikuwa koplo wa kituo cha polisi, na bendera ya pale aliipandisha na kuishusha yeye tangu Fundi hajazaliwa. Hakuwahi kukosea hata dakika. Wenye maduka walirekebisha saa zao kwa filimbi yake. Bendera ikiwa juu, hatoki getini, hata aitwe na nani. Nyumbani hata shuka zilikunjwa na watu wawili, ncha kwa ncha, na ole wake atakayeacha pindo liguse sakafu. Mama alikuwa akitania kwamba ameolewa uke wenza na kitambaa.

Kisha mama akafariki. Siku ya maziko koplo hakupata wa kumshikia zamu. Alifika makaburini mbio, jasho linamtiririka, akakuta kaburi limeshafukiwa. Fundi akamwambia mbele ya watu, "Rudi kwa huyo mkeo mwingine." Tangu siku hiyo hawakusemeshana.

Sasa anakwenda kufanya kazi ng'ambo, mkataba wa miaka, na mzee umri umeshamtupa mkono. Neno lile lilikuwa limemkaa kooni. Alitaka kulimeza, aombe radhi, apewe mkono wa kwaheri. Lakini angemwomba nani, na mtu mwenyewe habanduki mlingotini?

Basi lilitakiwa kuondoka saa saba mchana. Mara gurudumu, mara mizigo, mara dereva kaenda kunywa chai. Ni saa ngapi sasa, Fundi hakujua. Fundi umeme mzima, simu yake imezima kwa kukosa chaji. Alisimama, akaketi, akasimama. Jua lilipomchoma shavu alivuta pazia kwa hasira.

Mwishowe injini ikaunguruma. Shangazi alimbana vidole kwa nguvu. "Nenda, baba. Mungu akutangulie."

Njia ya kutokea mjini ilikuwa moja tu, nayo ilipita mbele ya kituo cha polisi. Fundi aliazimia kutofungua pazia. Walipokaribia, filimbi ikalia.

Dereva akakanyaga breki, akazima injini. Abiria wote wakasimama, waliovaa kofia wakazivua. Nje, makelele ya barabarani yalikatika ghafla. Fundi naye alisimama wima, maana alilelewa hivyo, akikitazama kitambaa cha pazia kilichokuwa mbele ya pua yake.

Kumbe hata leo ni bendera kwanza. Mtoto yuko hapa, ng'ambo tu ya ukuta, na mzee anavuta kamba yake taratibu kama kawaida. Hasira zilimpanda, kisha zikageuka machozi. Akayafuta kwa bega, kwa sababu wakati ule mikono haichezichezi. Alitamani ishuke upesi, apite, yaishe. Haikushuka upesi. Bendera hupandishwa kwa haraka na hushushwa polepole. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma.

Filimbi ya pili ikalia. Watu wakaketi.

"Twende, dereva!" Fundi alipaza sauti. "Twende, tafadhali!"

Dereva hakuwasha. Alikuwa akitazama saa iliyo mbele ya usukani, kisha jua, kisha saa tena.

"Huyu koplo leo kapatwa na nini?" alimuuliza utingo. "Mbona hata saa kumi na robo haijafika?"

Utingo alikuwa amejibana mlangoni kumpisha mzee mmoja aliyepanda ngazi akihema, kofia ya sare mkononi, macho yakitafuta kiti hadi kiti.