Mlango wa Mwisho Kupambwa

Mama Geng aliupapasa mwimo wa mlango kuanzia juu alipofika mpaka chini, na vidole vyake havikukuta karatasi. Akatema mate uani.

"Suqin! Kichochoro kizima kimeshabandika karatasi nyekundu za Mwaka Mpya. Hata yule mlevi wa pembeni kabandika. Sisi tunangoja nini, tuletewe na serikali?"

"Kesho, Mama," mkamwana wake alijibu kutoka jikoni.

"Jana ulisema kesho. Wewe na hiyo kesho yako mmeoana?"

Macho ya Mama Geng yalikuwa yamebaki na mwanga na giza tu, lakini kumjua mvivu hakuhitaji macho. Alimjua kwa miguu inavyoburutwa. Alimjua kwa sauti, maana ya Suqin ilikuwa inakwaruza tangu majani yalipoanza kupukutika, kama bata aliyekabwa shingo. Mafua, Suqin alisema. Mafua gani hayo yanavuka msimu?

Enzi zake yeye, mlango huu ndio uliokuwa wa kwanza kupambwa. Asubuhi ya tarehe ishirini na nane ya mwezi wa mwisho, gundi ya unga wa ngano ikiwa bado inatoa mvuke, karatasi mbili ndefu zenye maneno ya heri zilishasimama kulia na kushoto, na fupi yake juu. Baolin, mwanawe, ndiye aliyeshika bakuli la gundi, huku akiilamba. Sasa Baolin alikuwa mtu mzima, anajenga madaraja huko kusini, na sikukuu ilikuwa imefika. Mtu apande treni usiku na mchana kumfuata mama yake, aje kupokewa na mlango mtupu kama wa banda la nguruwe?

"Baolin kasema anafika lini?"

Kisu kilinyamaza juu ya kibao cha kukatia.

"Kazi zimembana, Mama. Anakusalimu."

"Anakusalimu, anakusalimu! Mbona kila akipiga simu mimi nimelala?"

Hakujibiwa, na hilo ndilo lililomchemsha zaidi. Zamani Suqin alikuwa akijibu, mtu unagombana naye ukaridhika. Lakini tangu Mama Geng alipolazwa kwa ajili ya nyonga, wakati wa kuvuna mahindi, alirudi nyumbani akamkuta mkamwana mpole kama maji ya kunawa. Na upole wa ghafla, kwa maoni yake, ni wa mtu anayeficha jambo.

Jambo lenyewe alishalinusa. Lilikuwa Mzee Qiao, jirani wao, mgane mwenye miguu mirefu ya korongo. Kwa nini mzee huyo aliwaletea makaa ya mawe mpaka jikoni? Nani alimwita aje kuziba paa? Na ile minong'ono yake na Suqin getini, iliyokatika kila Mama Geng alipokohoa, ilihusu nini? Majirani nao, mabwege watupu, badala ya kumsema mwanamke huyo walimletea mikate ya mvuke. Watoto wao ndio hovyo kabisa. Mwaka huu hata fataki hawakuwa na akili ya kuziwasha karibu, walikwenda kuzilipua kule mwisho wa kichochoro.

"Baolin akifika nitamwambia yote!" alisema kwa nguvu, ili hata ukuta wa Qiao usikie. "Na huu mlango, kama wewe huna mikono, nitaupamba mwenyewe."

Akaburuta kigoda, akapanda. Nyonga ikamsaliti. Suqin alitoka mbio akamdaka kiunoni, akabaki amemshika hivyo, uso wake mgongoni kwa mama mkwe, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shuka, Mama. Nabandika. Leo leo."

"Niachie basi, unanilowesha koti na hayo mafua yako."

Suqin alikwenda sokoni akarudi, akapika gundi. Mama Geng alisimama nyuma yake akitoa amri: kulia kwanza, vuta, unapindisha, hukufundishwa kwenu? Kazi ilipokwisha aliipitishia mikono. Pembe zilikaa sawa. Gundi haikuvuja. Alitafuta kosa mpaka akalipata.

"Haina hata unga wa dhahabu. Umechukua ya bei ya chini."

"Ndizo zilizokuwepo, Mama."

"Soma."

"Masika yamerudi uani," Suqin alisoma polepole, "na heri..." Sauti ikamkatika.

"Hata kusoma kunakushinda! Sijui mwanangu alikuona wapi."

Miguu ya korongo ilisikika ikija kichochoroni, kisha ikasimama ghafla mbele ya mlango. Mama Geng alijinyoosha, akakipandisha kidevu. Huyu ndiye hasa aliyemtaka.

"Wewe Qiao, mbona umeganda? Hujawahi kuona nyumba ya watu wenye heshima? Haya, tazama vizuri. Mwanangu ataiona rangi hiyo tangu stesheni. Sema sasa, imekolea au haikukolea?"

Suqin, bakuli la gundi mkononi, alimtazama mzee huyo.

Mzee Qiao, aliyelitangulia jeneza la Baolin mpaka makaburini wakati Mama Geng yuko hospitalini, aliziangalia karatasi zile za nyumba yenye msiba, nyeupe pe, toka juu mpaka chini.

"Nyekundu, Shemeji," alisema. "Nyekundu mpaka inaumiza macho."