Moshi wa Saa Sita

Kwa miaka arobaini Mzee Desideri alipiga kengele ya kanisa kwa kuvuta kamba akiwa chini, asipande mnarani hata mara moja. Siku aliyostaafu, padri alimpandisha auone mji.

“Kengele ya nini siku hizi, Baba?” alinung'unika ngazini. “Kila mtu ana saa yake.”

Walipofika juu, mpiga kengele mpya akapiga ya saa sita. Kule mtaani, Skolastika, mke wa Desideri, akatoka mbio na jiko, akaliwasha, akalipepea.

Miaka yote Desideri akirudi nyumbani alimkuta na chakula cha moto, akamgombeza eti anateketeza makaa tangu asubuhi.

Padri alimwonyesha soko, mto, stesheni. Desideri alikuwa ameshavua kofia, macho kwenye ule moshi mwembamba.