Viatu vya Monsieur Merdi

Jibu la mgodi lilianza hivi: "Monsieur Merdi, tunakungoja Jumatatu. Tuandikie namba ya viatu vyako."

Barua pepe za kuomba kazi ambamo nilijiita Mademoiselle Merdi hazikujibiwa hata moja. Safari hii nilifuta "Mademoiselle" tu. Ufundi wangu wa malori niliuacha vilevile.

Mama akasoma juu ya bega langu. "Banawaza uko mwanaume! Utafanya namna gani?"

"Mi sikusema uongo, mama. Bo benyewe banajidanganya."

Nikatazama miguu yangu ndani ya kandambili. Mafuta ya injini yalikuwa yameganda kwenye kucha, hata baada ya kuoga.

Nikaandika: "Namba 37. Mutengeneze na choo ya banamuke. Mademoiselle Merdi."

Mama akanikamata mkono.

Nikatuma kwa mkono mwingine.